Februari Niliyoikataa

Kabla ya mambo haya nilikuwa nadhani tiketi ya ndege inakatwa kama ya basi. Unaamka asubuhi, unafunga mzigo wako, unafika stendi, wapiga debe wanakugombania, unapanda, safari. Kumbe sivyo. Tiketi ya ndege, ukitaka iwe ya bei inayolipika na mtu wa kawaida, unaikata leo halafu unakaa nayo miezi minane, tisa, unaitazama tu. Nikaitungia kitendawili: nimelipa leo, nimekaa miezi tisa, sijapanda wala siwezi kushuka. Nikakitega kanisani kwa kina mama wenzangu. Wote wakashindwa, wakanipa miji mpaka nikachoka kuipokea. Wakati huo nilikuwa bado nacheka.

Jina langu ni Loisi. Hapa kijijini wananiita Mama Yasinta. Tuko kusini ya Dodoma, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kama mvua haijanyesha. Ikinyesha, unafika makorongo yakikuruhusu. Mume wangu ni Bartolomayo. Tulizaa watoto wanne, na aliyebaki hai ni mmoja, huyo Yasinta, naye yuko Kanada, mji wa Toronto, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yake ni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawavalisha, anawalisha kwa kijiko wazee wa watu. Amezaa huko mtoto wa kiume akamwita Abeli, jina la baba mzazi wa Bartolomayo. Abeli ana miaka mitano, na babu yake hakuwahi kumwona ila kwenye simu. Na simu, Bartolomayo alikuwa akisema, inampa kila mtu uso wa mgonjwa.

Huyu mume wangu alikuwa mtu wa macho. Alikuwa akisimama mlangoni asubuhi akitazama mbuzi walio mlima wa pili anakuambia yule wa mwisho ni wa fulani, anachechemea mguu wa nyuma. Ukienda, kweli. Hata mimi aliniona kutoka mbali, nikiwa na ndoo kichwani, akaenda kumwambia baba yake. Huwa namwambia, ungekuwa karibu ungeona kasoro ukaghairi.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, akaanza kujigonga kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Anamimina chai pembeni ya kikombe. Mimi nikamcheka, nikamwambia mzee unazeeka vibaya. Halafu siku moja akamkanyaga kuku aliyekuwa mbele ya miguu yake kabisa, na hakucheka, na mimi sikucheka tena.

Tukaenda mjini kwenye kliniki ya macho, tukalala Makole kwa Raphael, mtoto wa kaka yangu, karani wa wizara. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Akampima, akamtazamisha taa, akasema:

"Mzee, hii ni presha ya macho. Ulichokwisha kukipoteza hakirudi. Tunapigania kilichobaki."

Nikamuuliza kilichobaki kitakaa muda gani.

"Mama, siwezi kukudanganya. Kinaweza kufika mwaka. Kinaweza kisifike."

Mimi masikio yangu yakachukua mwaka. Lile neno la pili nililiacha pale pale mezani kwa daktari.

Tulipotoka na chupa ya matone, Bartolomayo akasimama kivulini, ameshika mkono wangu kama hataki watu waone kwamba ameushika. Akasema, "Mama Yasinta, mimi nataka kitu kimoja. Nimwone mtoto wangu, na yule mdogo. Niwaone kwa macho haya. Baada ya hapo yafungwe, sitalalamika."

Ndiyo hivyo. Hakutaka ng'ombe, hakutaka nyumba ya bati jipya. Alitaka hilo tu.

Yasinta tulipomwambia alilia kwenye simu, halafu akapiga tena baada ya siku mbili, sauti imetulia. Amezungumza na wakubwa wake. Huko kwao likizo ya mwaka mzima inaombwa mwezi wa kumi, na nafasi zilizobaki ni mbili tu: wiki tatu kuanzia tarehe ishirini Februari, au wiki tatu kuanzia tarehe kumi na moja Julai. Achague moja.

Jumapili Raphael akaja na simu yake kubwa. Tukakaa nje, upande wa ukuta usio na jua: mimi, Bartolomayo, Raphael kwenye kigoda, na Yasinta ndani ya simu, amewekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, tufundishe hizo ndege zako."

Raphael akikueleza habari za tiketi utadhani ni mhubiri. "Ndege hazina huruma, shangazi. Kadiri siku inavyosogea ndivyo kiti kinavyopanda bei. Kiti kile kile, dirisha lile lile. Anayekata mapema analipa nusu, anayekata wiki ya mwisho analipa mara tatu. Sasa hivi kuna ofa, inafungwa Jumatano. Dada Yasinta anaweza kumudu yake na ya mtoto, lakini kwa ofa hii tu."

"Na tukikata, halafu tukabadili mawazo?"

"Hii ya bei nafuu haibadilishwi. Kuisogeza hata siku moja ni sawa na kununua nyingine."

"Hata mtu akiumwa?"

"Hata akiumwa."

"Basi hiyo si tiketi," Bartolomayo akasema, "hiyo ni ndoa."

Tukacheka, na Yasinta akacheka juu ya ndoo. Halafu akauliza, "Mnasemaje jamani? Februari au Julai? Kwangu zote sawa, bei zinakaribiana. Amueni nyie."

Hapa naomba nieleze, maana asiyekulia kwetu anaweza kuniona mjinga. Februari Ugogo si mwezi wa kuita mgeni. Uwele uko shambani una urefu wa goti, na wa mwaka uliopita umeisha. Kihenge cha nafaka ukikigonga kinalia. Watu wanakula mara moja kwa siku, tena mboga ya mlenda mkavu. Mbuzi ana mifupa tu. Mgeni wa heshima anaitwa baada ya mavuno, Juni, Julai, upepo unapovuma na kila nyumba ina harufu ya unga mpya. Ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu angeweza kumkopea mgeni chumvi, lakini unga wa kumkopea mgeni, bora afe.

Na kulikuwa na wifi yangu Hilda.

Hilda ni dada yake Bartolomayo, ameolewa Mtera kwa wavuvi. Februari moja, miaka kumi na tisa iliyopita, alitokea bila taarifa na wakwe zake wawili. Kihenge changu nilikuwa nimekifagia kwa ufagio. Nikawapikia uji mwepesi wa uwele na mlenda, nikawapa watu watano chakula cha watu wawili. Hilda akarudi Mtera akasema, "Kwa wifi yangu Loisi ugali hauliwi, unahadithiwa." Tangu hapo, harusini, msibani, ubatizo, akiniona tu jikoni lazima aulize kwa sauti: "Wifi, leo umepika au umehadithia?" Watu wanaanguka kwa kicheko. Na mimi nacheka nao, nitafanyaje.

Kwa hiyo waliponiuliza nilisema Julai. Nikataja sababu. Nikasema barabara Februari ni tope, gari litakwama korongoni na mtoto ndani. Nikasema mbu, huyo mtoto hana kinga, atapata malaria siku ya tatu. Nikasema Julai kuna baridi nzuri, watalala. Yote yalikuwa kweli. Ile ya kihenge niliitaja mwisho, kama kitu kidogo.

Bartolomayo akasugua goti lake. "Februari kuna nini, Mama Yasinta? Si wanakuja kutuona sisi? Hawaji kukiona kihenge."

"Unasema hivyo kwa sababu mgeni akilala njaa hasemwi mwanaume."

Raphael akacheka chini chini. Bartolomayo naye akatabasamu. Akageuza uso kuelekea bondeni kama anayetafuta mbuzi. "Haya," akasema. "Jiko ni lako. Sema wewe."

Yasinta akauliza, "Mama, baba atafika Julai? Macho yake yatafika?"

"Daktari amesema mwaka," nikajibu. Nikahesabu kwa vidole mbele yao: Novemba, Desemba, Januari, mpaka Julai. Tisa. "Julai iko ndani ya mwaka, tena inabaki akiba. Kateni ya Julai."

Jumatano wakakata. Raphael akachapisha karatasi kazini kwake akaniletea, ina majina yao na namba za viti, nikaiweka kwenye mkebe pamoja na vyeti vya ubatizo. Kina mama waliponiuliza Yasinta anakuja lini, nilikuwa naitaja tarehe kamili, na saa ya kutua Dar es Salaam. Sijawahi kujua siku yangu ya kesho kwa uhakika kama nilivyoijua siku ile ya miezi tisa mbele.

Basi mvua ya mwaka huo sijui ilitumwa na nani. Ilianza Novemba, mapema, ikanyesha kwa utaratibu. Krismasi tayari tulikuwa na majani ya kunde. Januari majani ya maboga. Ilipofika Februari, mwezi wangu wa aibu, kulikuwa na kunde mbichi, maboga, mahindi machache ya kuchoma kwenye bustani ya bondeni, na mbuzi wamenona mpaka manyoya yanang'aa. Sijawahi kuona Februari ya namna hiyo tangu nizaliwe.

Jumapili Yasinta alikuwa akipiga na mimi nazungumza na Abeli. Kiswahili chake kinakwenda kwa kuruka ruka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Askari wangu wote wamevaa kofia za manyoya, wamesimama uwanjani hawachoki."

"Simba!"

"Simba wapi, mjukuu wangu? Nipe mji."

"Chukua Toronto, bibi."

"Nimekwenda Toronto, nimezunguka, nimekula, nimerudi. Jibu ni uwele. Julai utauona."

Nilikwenda Toronto kila Jumapili namna hiyo, bila karatasi yoyote. Na babu yake alikuwa akikaa pembeni anasikiliza, anageuza kichwa huku na huku kuitafuta simu. Alikuwa ameanza kutazama kama kuku anavyodonoa, kitu kimoja kimoja, maana katikati tu ndipo palikuwa pamebaki, tundu dogo kama la filimbi.

Tarehe ishirini Februari nilitoka shambani asubuhi nimebeba boga na kunde kwenye beseni. Bartolomayo alikuwa amekaa nje. Akageuza kichwa, akanielekeza lile tundu lake, akanishika nalo.

"Umefunga ile khanga ya zambarau," akasema. "Ina tobo pindoni."

"Ndiyo."

"Leo naona vizuri. Leo ndiyo tarehe ishirini."

Nilikuwa nimeomba asiwe ameikumbuka. Nikatua beseni. Boga lile lilikuwa kubwa, la kulisha watu sita. Akalitazama, akalipima kwa lile tundu kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kipande kwa kipande, kisha akasema, "Boga zuri," basi. Laiti angeongeza neno.

Wiki hiyo Raphael alileta matone mapya. Nikamwambia tukiwa jikoni, "Raphael, nilikosea. Tungekata ile ya Februari."

Yule kijana akasukuma kuni motoni. "Shangazi, nitakuambia kitu, usinitaje. Mzee alinipigia. Jumanne ile, kabla hatujakata. Aliazima simu kwa jirani."

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama bado Februari ipo. Nikamwambia ipo, nikate? Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, acha, shangazi yako ameshasema mbele za watu."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Alinikataza, shangazi. Alinikataza kabisa."

Siku hiyo sikuweza kula. Nilikuwa na chakula cha kutosha, Februari, na sikuweza kukila.

Machi nikajaribu. Nilimwambia Raphael tuuze maksai wote wawili tuisogeze hiyo tiketi. Akaenda akatafuta, akarudi na jibu: kiti cha haraka kinakula maksai, mbuzi, na bado mkono unabaki wazi. Tukamwambia Yasinta kwamba macho yanakimbia kuliko tulivyodhani. Akaenda kwa wakubwa wake akapiga magoti, nadhani, ingawa hakusema. Wakamwambia ratiba imeshapangwa. Akiondoka bila ruhusa kazi imekwisha, na kazi ikiisha na vibali vyake vya kuishi huko vinaisha. Akaniuliza, "Mama, niache kazi nije?" Hilo nalo likaletwa kwangu niamue. Nikamwambia subiri Julai, mwanangu, matone yanasaidia. Sikujua kama yanasaidia. Tulikuwa tunayaweka asubuhi na jioni, hatukuruka hata siku moja, ili nisije nikasema tulizembea.

Mwezi wa nne, tumemaliza kula chakula cha mchana, Bartolomayo akasema, "Kitendawili."

Yeye si mtu wa kutega. Ni mtu wa kufumbua. Nikashangaa. "Tega."

"Nyumba yangu ina milango miwili. Inafungwa polepole, wala hakuna anayeisukuma."

Nililijua jibu kabla hajamaliza. Nikasema sijui.

"Nipe mji."

Nikampa Toronto. Sijui kwa nini, mazoea tu ya kucheza na mtoto.

Akasema, "Nimekwenda Toronto. Nimekuta watu. Sikuwaona." Akacheka kidogo ili nisilie, na mimi nikainama kukusanya sahani.

Mei tukavuna. Sitaki kueleza mavuno yale. Waulize watu wa kwetu, watakuambia. Vihenge vilijaa, watu wakahifadhi kwenye magunia, magunia yakakosekana madukani. Siku ya kupura uwele nilimwacha Bartolomayo kitandani nikatoka kuwapangia watu kazi. Jua lilikuwa limeshapanda, nimekwisha kutoka jasho, ndipo nikamsikia akiita ndani, sauti ya kawaida kabisa: "Mama Yasinta, mbona mnapura gizani? Washeni hata taa."

Wapuraji wakasimama na fimbo zao juu.

Daktari yule binti alimwekea taa kwenye macho, moja baada ya jingine, akazima. Akanishika bega.

Bartolomayo akakataza Yasinta asiambiwe. "Atalia kuanzia kwenye ndege. Mwacheni aje na furaha yake, hata ya njiani." Akaanza kujifunza uwanja wetu kwa miguu: hatua kumi na nne toka mlangoni hadi zizini, tisa hadi jikoni, ishirini na mbili hadi mahali gari linaposimama. Kila asubuhi anarudia. Alitaka awapokee amesimama.

Julai ilifika na tarehe yake kamili. Raphael alipata gari kwa rafiki yake mwenye gereji Kizota, akaenda kuwapokea stesheni ya treni mjini. Mimi nilikuwa nimechinja mbuzi mwenye mafuta mengi kuliko wote. Nilikuwa na ugali wa uwele mpya, karanga, kuku wawili, mlenda uliokaushwa kidogo tu kwa ladha. Wifi Hilda alikuja toka Mtera na samaki. Akaingia jikoni, akafunua sufuria moja, akafunua la pili, la tatu.

"Wifi," akasema, "leo nimekoma. Leo umepika."

Miaka kumi na tisa nilikuwa naingoja sentensi hiyo. Nikaendelea kukoroga.

Gari likasikika. Bartolomayo akainuka, akavuta koti lake, akahesabu hatua zake ishirini na mbili, akafika, akasimama sawasawa. Lakini Raphael alikuwa ameegesha upande mwingine, kukwepa magunia. Yasinta akashuka nyuma ya mgongo wa baba yake. Kanenepa mwanangu, ana mvi mbili tatu hapa kwenye paji. Akasalimia kwa Kigogo na Kiswahili, "Mbukwenyi baba! Shikamoo!" Bartolomayo akageuka kwa ile sauti, anatabasamu, mikono wazi, akiwa anautazama ukuta wa zizi.

Abeli akatoka mbio. Alikuwa amehadithiwa miaka yote habari za babu anayeona mbuzi mlima wa pili. Akaenda akasimama pembeni ya tenki la maji, mahali peupe kabisa, hata hakujificha.

"Babu! Mimi niko wapi?"

Babu yake anatabasamu tu.

"Babu! Niko hapa! Angalia!"

Yasinta akamtazama baba yake, akanitazama mimi. "Tangu lini?"

"Mei."

"Na Februari?"

Hilda alikuwa mlangoni ameshika mwiko wangu. Raphael akainama kufungua mizigo isiyohitaji kufunguliwa.

"Februari alikuwa anaona," nikasema.

Akauweka mkoba wake chini, polepole, kama una yai ndani. Hakunigombeza. Angenigombeza ningemshukuru mpaka leo.

Wiki tatu zikaenda. Bartolomayo alitaka kumshika mtoto usoni ajue sura yake kwa vidole, lakini vidole vyake ni vya jembe, vigumu, na mtoto hakuzoea. Akalia, akajificha nyuma ya mama yake, na tangu hapo akawa anampitia babu kwa mbali. Tulimbembeleza, tukamtegea vitendawili. Wapi. Mtoto wa miaka mitano humlazimishi kupenda giza la mtu.

Mchana mmoja wote wamekwenda kisimani, Bartolomayo akaniita. "Kaa hapa. Mtoto amefanana na nani?"

Nikamwambia masikio ni yako, yamesimama. Paji ni la mama yako.

"Na anapokimbia?"

"Anarusha mguu wa kushoto nje kidogo."

"Kama Yasinta alipokuwa mdogo."

"Kama yeye."

"Endelea."

Nikaendelea. Nikamweleza meno, magoti, kovu la kidevuni. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba naweza kukieleza kitu chochote bila kukitaja, nilimtaja mtoto yule kwa maneno yote niliyonayo, na nikaona wazi kwenye uso wa mume wangu kwamba haoni chochote. Mwishowe akanipigapiga goti. "Inatosha. Umechoka."

Siku ya kuondoka nayo ilikuwa imekatwa tangu mwaka uliopita, haisogei. Tukakaa nje tena kwenye kivuli cha ule ukuta, mizigo imefungwa. Raphael, kwa nia njema, maana hajui kukaa kimya penye huzuni, akatoa simu yake.

"Dada, ofa za mwakani zinafunguliwa mwezi wa tisa. Tusichelewe safari hii. Tuamue kabisa, Februari au Julai?"

Yasinta akanitazama. Hilda akanitazama. Mwezi wowote ambao ningeutaja ungekuwa mzuri, barabara kavu au ya tope, kihenge tupu au kimejaa. Sikutaja hata mmoja.

Bartolomayo akasafisha koo. "Msimsumbue mama yenu. Kateni iliyo rahisi. Mimi sina haraka tena."

Raphael akairudisha simu mfukoni. Nikainuka, nikaenda kuwapakulia wasafiri chakula cha mwisho, na wakala kidogo sana, na kilichobaki kilikuwa kingi.